Stempu Nilizoziosha kwa Ndimu

Kosa langu la kwanza katika mambo ya stempu lilikuwa kuziosha. Hakuna aliyenituma. Niliamini tu kwamba stempu kuukuu ikiwa safi ndiyo inayopata bei, sawa na sinia ya shaba.

Kwetu Lamu, Idd ikikaribia, vyombo vya shaba hutolewa vyote vikasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka mtu ajione uso. Tangu utotoni kazi hiyo ni yangu, kwa sababu siwezi kuacha doa. Mama akisema imetosha, mimi naanza upya. Na mambo ya stempu nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, kwa video ambazo nusu ya maneno yake siyaelewi, kisha nikajiona mjuzi.

Jirani yetu wa mtaa wa Mkomani, mjane ninayemwita Bi, alipata habari za ujuzi wangu. Akanionyesha kasha la barua ambazo marehemu baba yake alimpelekea nduguye Unguja, na nduguye alipofariki zikarudishwa nyumbani. Bahasha zilikuwa na stempu zake na muhuri wa posta ya Lamu. Dari ya nyumba yake ilikuwa inavuja, boriti zimeliwa na mchwa, na tajiri mmoja wa kutoka nje hakuacha kumbishia hodi akitaka kuinunua nyumba. Bi alitaka kuuza stempu atengeneze dari kabla ya masika.

"Nimezaliwa humu," aliniambia. "Nitafutie mnunuzi, mwanangu, nisije nikafia chumba cha watu."

Nilipiga picha nikampelekea mkusanyaji mmoja wa Mombasa. Akajibu siku ile ile kwamba atakuja mwenyewe wiki inayofuata. Laiti angekuja kesho yake.

Bahasha zile zilikuwa zimekaa miaka mingi kwenye kasha linalofukizwa udi, na stempu zimeingia rangi ya chai. Kwangu ule ulikuwa uchafu. Nililichukua kasha kwetu, nikaziloweka bahasha mpaka stempu zikabanduka, nikazipangusa kwa pamba na maji ya ndimu. Zilipokauka, nikaona vijino vya pembeni havilingani, nikavisawazisha kwa mkasi wa kucha. Bahasha zilikuwa zimelegea na wino umetapakaa, nikazitupa jaani. Barua zenyewe nilimrudishia Bi, na stempu nikazipanga kwenye karatasi nyeupe. Naona haya kusema hivi, lakini niliziangalia nikafurahi.

Mgeni alipofika, tuliketi kwenye daka la Bi, kibaraza cha mlangoni. Alitoa kioo cha kukuzia, akainama, kisha akatoa simu yake akalinganisha na picha yangu.

"Hizi si nilizozifuata."

Akaeleza taratibu, bila kunitazama. Stempu zenyewe zilikuwa za kawaida, hata yeye anazo. Kilichomtoa Mombasa ni kuziona bado ziko juu ya bahasha, zimegongwa muhuri wa Lamu unaosomeka. Sasa bahasha hazipo, muhuri umefifia, nyekundu imekuwa kama waridi lililonyauka, na vijino vimekatwa. Rangi ya udi, alisema, isingezipunguzia bei sana. Halafu akauliza ni nani aliyezigusa.

Nikasema nilizikuta vile. Nikasema picha ilidanganya kidogo kwa ajili ya mwanga. Maneno yalinitoka kwa urahisi ambao mpaka leo unanitisha.

Bi alikuwa anamimina kahawa. "Nyumba hii ina unyevu mwingi, Bwana," akasema. "Unakula kila kitu."

Mgeni aliinua macho, akatutazama sote wawili, akanywa kahawa yake akaaga. Hakununua hata moja. Alipopinda kichochoro nilianza kumlaumu, nikasema watu wa Mombasa hupenda kushusha bei.

"Mwache mwana wa watu," Bi alinikatiza. "Ulipofungua ile karatasi nilisikia harufu ya ndimu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini mbele ya mgeni? Kinywa ni chako."

Nilimwomba radhi pale pale, nikilia, na akanipa. Kusamehewa hakukuziba dari. Masika yalipokuja, chumba cha juu kiliporomoka, na kabla ya Ramadhani Bi alitia sahihi ya kumuuzia nyumba yule tajiri. Sasa anakaa chumba kimoja kwa binti yake, mtaa wa Langoni. Nikienda kumwamkia hunipa kahawa na kuniuliza habari za nyumbani, na za stempu haniulizi. Afadhali angeniuliza.

Watu bado huniletea stempu. Siku hizi siziloweki, siziondoi kwenye bahasha, wala sipitishi mkasi. Mnunuzi akiuliza ni nani aliyezigusa, nasema.