Alipofoka Mbele ya Watu

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na tisa, na kifua kikuu kilikuwa kimemrudia. Jumatatu ile ya Pasaka nilipompakia kwenye baiskeli, mama alisimama mlangoni pale kwetu Mazwi, akaniuliza, "Mgonjwa unampeleka kwenye makelele ili iweje?"

"Ameomba mwenyewe, mama."

Alikuwa ameomba tangu gari la matangazo lilipopita mtaani likisema kwamba mwanamuziki fulani wa kufoka, yaani rap, angetumbuiza mchana wa sikukuu. Sisi tulimjua akiwa mtoto. Miaka ile redio za watu binafsi zilikuwa hazijafika Sumbawanga, lakini kanda zilifika, zimerudufiwa Mbeya mpaka sauti inakoroma. Kwenye kanda moja alikuwamo yeye, mtoto wa miaka kama kumi, akifoka habari za mtoto anayemngoja baba aliyesafiri asirudi. Baba yetu alikuwa amevuka kwenda Zambia kupitia mpaka wa Kasesya, naye hakurudi. Mdogo wangu alizishika beti zote kwa wiki moja. Alizifoka akitwanga, akichota maji, hata kanisani kabla misa haijaanza, mpaka anafinywa.

Ukumbi haukujaa kwa sababu ya mvua. Nilimkalisha benchi la mbele. Yule mtu alipotokea nilidhani ni fundi mitambo. Alikuwa mwanamume mwenye kitambi na macho mekundu, kofia ameigeuza nyuma kama kwenye picha ya kanda. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ileile ya utotoni. Yeye alichezesha midomo tu. Ubeti wa pili ulipoanza, CD ikaruka, kisha ikakwama.

"Imba mwenyewe basi!" mtu alipaza sauti.

Alijaribu. Yalimtoka maneno manne kwa sauti nzito, akanyamaza. Watu wakaangua kicheko.

Mdogo wangu akasimama. Nilimshika khanga, akaniondoa mkono, akaanza kuufoka ule ubeti taratibu. Yule mtu akainama, akamsogezea kipaza sauti. Kwa mistari kama sita ukumbi mzima ulimsikiliza. Kisha kikohozi kikamshika, kikatoka kwenye spika zote, kirefu. Waliokuwa karibu wakahama mabenchi.

"Ana ngoma huyo," mmoja akasema waziwazi, akimaanisha ukimwi.

Mwanamuziki akavuta kipaza sauti chake, akakifuta kwenye shati.

Nilimtoa nje kwa mlango wa nyuma, nikamkalisha kwenye ngazi chini ya bati. Nilikuwa nimekunja ngumi yule mtu alipotufuata.

"Samahani, sista," alisema. "Niliogopa."

Mdogo wangu hakuijali samahani ile. Akamuuliza, "Baba yako alirudi?"

"Baba yupi?"

"Wa kwenye wimbo."

Akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta mzaha. "Baba hakusafiri popote. Ndiye aliyeyaandika yale maneno. Nikikosea studio alikuwa ananichapa."

Akavua kofia, akabaki ameishika mpaka mtu alipomwita ndani.

Njiani nilisukuma baiskeli kwenye tope, yeye amekaa nyuma ameniegemea. Tulipokaribia nyumbani akainua kichwa.

"Kwa hiyo baba yake alikuwapo siku zote," alisema.

Hakuisikiliza tena ile kanda. Badala yake akaanza kuniuliza mambo ambayo tulikuwa tumeyaacha miaka mingi: baba alivaa nini siku ile, nani alimwona mwisho, kwa nini hakuna aliyemfuata. Mwezi wa sita, upepo wa baridi ulipoanza, aliniambia, "Kaka, nenda Kasesya ukaulize."

Nilijua hakuna maana. Nilikwenda, juu ya lori la mahindi. Niliwauliza walinzi wa geti, mama ntilie, madereva wanaosubiri karatasi za forodha. Wengine walicheka. Mzee mmoja mbeba mizigo, niliyemwamkia shikamoo kisha nikamweleza sura ya baba, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hapa wanapita wengi wa sura hiyo."

Niliporudi siku ya tatu nilikuwa nimekwishatunga uongo, kwamba kuna mtu amemwona baba Mbala, ng'ambo ya mpaka, ana afya njema. Niliwakuta majirani wamekaa uani kimya. Ndani, mama alikuwa anamfunga marehemu mdogo wangu vifungo vya gauni lake la kipaimara. Lilikuwa bado linamtosha.