Nilicheza Mpira kwa Jina la Mdogo Wangu

Jamani, mwenzenu nimekosa, na kosa hili siwezi kumsingizia mtu. Si shetani, si utoto, si umaskini wa nyumbani kwetu, ingawa kwa miaka mingi nilivitaja vyote vitatu. Nilichukua jina la mdogo wangu wa tumbo moja nikalivaa. Aliponiomba nimrudishie nikamwambia asubiri, naye akasubiri mpaka akafa.

Mlionifuatilia uwanjani mlinijua kama beki wa kati, namba tano. Sikuwa na chenga wala mbwembwe. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale mshambuliaji anapotaka kupita, na nilisimama kwelikweli. Watangazaji waliniita kisiki. Mashabiki waliimba jina ambalo si langu. Hapa nitaliita Lukasi, na langu la ubatizo nitaliita Damiani, maana nikiandika yale yenyewe kesho mtakuwa mlangoni kwangu.

Kwetu ni kijijini Uyui, kando ya reli. Baba alilima tumbaku, mama karanga na viazi vya kukausha michembe. Mimi darasa la saba lilinishinda, nikabaki na mpira wa mchangani na jembe la baba. Lukasi, niliyempita miaka minne, alifaulu akaenda sekondari. Alitaka ualimu tangu akiwa mdogo. Likizo akirudi anakusanya watoto wa jirani pale uani, anawafundisha hesabu kwa punje za karanga, na mtoto akipata jibu anakula karanga zake. Mama alilalamika mbegu zinaisha, lakini hakuwahi kumkataza.

Basi wakaja Tabora watu wa kutafuta vipaji vya timu ya vijana, chini ya miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na ishirini na ndevu nanyoa. Nikajipenyeza kwenye majaribio hivyo hivyo. Mmoja wao aliniona ninavyoruka vichwa, akanivuta pembeni.

"Wewe kijana ni kijeba," akaniambia. Kijeba ndiye yule mtu mzima anayechezeshwa pamoja na watoto. "Lakini kazi unaijua. Nyumbani huna mdogo wako?"

Nilimwelewa palepale. Nikapanda treni nikarudi nyumbani, na jioni tukiwa tunakula nikaeleza. Mama aliendelea kupakua. Baba alifikiri kidogo, akamwambia Lukasi, "Mpe kaka yako cheti cha kuzaliwa. Jina halipungui likitumiwa na wawili."

Lukasi alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa anacheka. "Chukua, kaka. Mimi mpira sichezi." Kwetu kaka mkubwa hanyimwi kitu, na mimi nilijua hivyo wakati naomba. Tuliita kuazima.

Nikachaguliwa. Nikaenda Dar, kutoka timu ya vijana nikapanda ya wakubwa, nikasajiliwa Ligi Kuu. Nyumbani nikajenga nyumba ya bati, nikamnunulia baba ng'ombe wa kukokota plau. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Nilikuwa mtoto wao anayeonekana kwenye televisheni, nani angenichoma?

Mwenye jina akamaliza kidato cha nne, akafaulu tena. Akanipigia simu kwa laini ya mama kwamba anataka kuomba chuo cha ualimu. Nikaogopa. Meneja wangu alikuwa ameshaniambia kwamba majina mawili, cheti kimoja, siku moja lazima mtu aulize. Nikamwambia Lukasi, "Mdogo wangu, tulia kwanza. Mpira hauna maisha marefu. Nikitundika daluga unachukua chako."

Akasema, "Sawa, kaka."

Kisha vikaja vitambulisho vya taifa. Mimi nikaenda mapema kule Dar, nikaweka vidole vyangu juu ya jina lake. Yeye alipokwenda kujiandikisha Tabora akaambiwa mtu huyu tayari yupo. Angeweza kusema palepale kwamba huyo ni kaka yangu, ameniibia, na mimi ningeishia mahakamani. Aliwaambia, "Samahani, nimechanganya," akaondoka kwa miguu mpaka stesheni kusubiri treni. Haya alinisimulia mwenyewe, na alinisimulia kama kichekesho. Mimi nikacheka.

Tangu hapo mtu yule akaishi kama mgeni nchini kwake. Laini ya simu ya mama. Tumbaku yake iliuzwa kwa jina la baba, na baba alipofariki ikauzwa kwa jina la jirani. Nikimuuliza habari za kuoa ananijibu, "Nioe kama nani, kaka?" na hakuoa kweli. Alifundisha watoto wa chekechea pale kigangoni, bila mshahara, na wote walimwita Mwalimu. Jumamosi anakwenda kibanda umiza, kule wanakolipia kutazama mpira kwenye televisheni, kuniangalia nikicheza. Siku moja akaniambia kibanda kizima kilipiga kelele kumwita Lukasi, naye akageuka kuangalia nani anamwita.

Magoti yangu yaliujua umri wangu wa kweli. Kwenye karatasi nilikuwa bado kijana, lakini asubuhi nilikuwa nashuka kitandani kwa kushika ukuta. Waandishi walishangaa beki wa umri ule anapitwa mbio na kila mtoto. Nikatundika daluga kabla hawajashangaa zaidi, nikarudi Tabora.

Lukasi alikuja kunisalimia wiki ileile, na dumu la asali. Alivaa shati lake la kanisani, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Nikajua alichofuata.

"Hongera kwa kupumzika, kaka."

"Asante. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Kaka, nimeuliza watu. Wanasema ukienda mwenyewe ukakiri, ukaapa, mambo yanaweza kurekebishwa. Mimi bado sijachelewa sana. Hata chuo wananipokea."

Nilikuwa nimeshaanza kozi ya ukocha. Kwa jina lake. Timu moja ya daraja la chini ilikuwa imeniahidi kazi, nami sikuwa na kingine ninachokijua duniani zaidi ya mpira. Nikamwambia nikikiri nafungiwa maisha, na nyumba ya mama itakula nini? Nikamwambia, "Ngoja nipate leseni."

Alizungusha kikombe chake mezani. "Basi niambie mwaka, kaka. Nikiujua mwaka nitasubiri vizuri."

Sikumtajia mwaka. Nilikasirika, eti ananibana nyumbani kwangu! Nikamwambia angekuwa na shukrani angekumbuka bati lililo juu ya kichwa chake nani kalinunua. Alimaliza chai yake, akasema sawa, akaondoka. Ile sawa yake naisikia mpaka leo nikiwa nafunga kamba za viatu.

Leseni nikapata. Nikasema ngoja nizoeleke kwenye timu. Nikazoeleka, nikasema ngoja tupande daraja. Wachezaji, kama mnavyojua, kocha wanamwita mwalimu. Mara ya kwanza nilipoitwa Mwalimu Lukasi nilipata aibu mpaka shingo ikawaka. Wiki ya pili nikawa naitika.

Nilikuwa kocha mzuri, hilo sitalificha. Mabeki wangu niliwafundisha jambo moja kila asubuhi, kwamba mpira ukikupita usinyooshe mkono kuomba kuotea, geuka ukimbie. Niliwagombeza sana kwa hilo.

Mvua za mwaka jana Lukasi aliugua homa. Wakasema malaria, akatumia dawa, akapata nafuu, akarudi shambani. Ikamrudia, safari hii ikapanda kichwani. Mama akanipigia asubuhi nikiwa mazoezini, akasema neno moja, "Njoo." Tulikuwa na mechi ya kupanda daraja mwisho wa wiki. Nikasema namaliza mazoezi kwanza. Nilipofika nilikuta kanga zimetandikwa uani na wanawake wamekaa chini, nikajua.

Sasa sikilizeni lililo baya kuliko yote.

Viongozi wa timu walisema lazima wamzike mdogo wake kocha. Wakaja na basi, wachezaji wote, na vijana wawili wenye kamera wa kurusha mitandaoni. Kabla hawajafika, fundi seremala alinifuata na msalaba na kopo la rangi. "Kocha, naandika Lukasi, au vipi?" Aliuliza kwa upole, mtu wa kijijini kwetu, anajua yote.

Ningeweza kuwaambia wageni kwamba tulipewa jina moja la babu. Uongo mdogo, angalau marehemu angelala na jina lake. Lakini honi ya basi ilishasikika barabarani, nikababaika. Nikasema, "Andika Damiani."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Katekista, aliyetufundisha komunyo ya kwanza sisi wote wawili, nilimnong'oneza asitaje Lukasi. Akanijibu kwamba uongo hatausali. Alisali ibada nzima kwa kusema "ndugu yetu" tu, "ndugu yetu" mwanzo hadi mwisho.

Tulipofika kaburini akajitokeza mtani wetu. Ni mzee wa Kizaramo aliyefanya kazi reli akastaafu akabaki hapo kituoni. Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Alikaa juu ya udongo, akaupakata ule msalaba.

"Hazikwi mtu hapa," akasema. "Nyie Wanyamwezi tangu zamani kazi yenu kubeba. Mmebeba pembe za ndovu, mmebeba marobota, sasa hata maiti mmembebesha jina la mtu mwingine. Hamchoki nyie?"

Watu wakacheka, ndiyo desturi. Halafu wa kijijini wakanyamaza mmoja mmoja. Wageni wa timu wakaendelea kucheka, walidhani ni vichekesho tu vya kule kwetu. Kamera zilikuwa zinanitazama mimi.

Na mimi nikacheka. Mdogo wangu yuko ndani ya sanduku, nimesimama hatua chache kutoka kwake, nikacheka kwa sauti ili wageni waone ni utani. Nikatoa noti nikampa mzee ili anyanyuke, kama inavyotakiwa. Aliipokea akainuka bila kunitazama usoni. Tukamshusha Lukasi, tukafukia, nikausimika ule msalaba kwa mikono yangu.

Wageni walipoondoka nilimwita fundi. Nikamwambia atengeneze msalaba mwingine, wa jina la kweli, nalipa sasa hivi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, akasema, "Acha."

"Mama, ilikuwa kwa ajili ya wageni tu."

"Acha hivyo hivyo. Umeshasema mbele ya watu nani amekufa."

Asubuhi nilikwenda kumwamkia kabla ya kuondoka. Duniani alikuwa amebaki yeye peke yake anayeniita Damiani, hata mke wangu hajawahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Lukasi," akajibu. "Umeamkaje, mwanangu?"

Hakuwa na hasira. Ningeona hasira ningepiga magoti. Aliniuliza kama nimekunywa uji, akanifungia michembe ya njiani. Mpaka leo ndivyo anavyoniita, na sijui kama ananiadhibu au amechagua kubaki na yule mtoto wake. Nimeshindwa kumuuliza.

Mechi ile tulishinda, tukapanda daraja. Wachezaji walinibeba juu juu. Nilikuwa nalia na wao wakadhani ni furaha.

Ninyi wachezaji wadogo, msikubali. Kuna mtu atakuja kukuuliza kama una mdogo wako. Mwambie unaye, na jina lake analitumia mwenyewe. Bora ubaki mchangani ukicheza ndondo za kushindania mbuzi. Ninyi wazazi, msimtoe mtoto mmoja kumvalisha mwingine, hata kama aliyetolewa anacheka. Anacheka kwa sababu anawapenda. Na wewe ambaye mtu wako anakudai haki yake taratibu, kwa upole, na shati amelipiga pasi, usimwambie ngoja. Mpole naye hufa.

Mtaniuliza kwa nini nisiende kukiri sasa, wakati aliyebaki wa kuumia ni mimi tu. Nimepanga kwenda. Juzi nilimwambia mke wangu kwamba ligi ikiisha nitakwenda, nikajisikia ninavyolisema neno hilo. Ligi ikiisha.

Sikuweka jina chini ya haya. Mtasema ni woga, na ni kweli ni woga. Lakini hata ningekuwa na moyo wa kuweka, ningeandika lipi?