Kibendera Kilichoharibu Picha

Elfu tano mia tatu. Nimezihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea, na bado ni elfu tano mia tatu, hapo sijatia aibu, ambayo sijui huuzwa kwa kipimo gani. Mkicheka, chekeni polepole.

Kazi yangu ni kupiga watu picha za nje hapa Mlolongo, na Mwende, mwalimu aliyehitimu juzi, alitaka za joho, akapendekeza bustani moja ya kulipia mlangoni. Nikapiga hesabu (watu wawili, na kamera nayo hutozwa kama mtu wa tatu), nikamwambia najua mahali kuta za mawe zinarudisha mwanga usoni vizuri kuliko taa yoyote, tena karibu bure. Yalikuwa machimbo ya mawe. Mlinzi wa lango alitaka mia tano, nikamwachia mia mbili, akanionya jambo moja tu: "Usipite kibendera chekundu. Leo kuna baruti."

Na sikukipita! Nilimsimamisha Mwende upande huu wa kibendera, uzito kwenye mguu wa nyuma, bega moja mbele, kidevu chini kidogo, ukuta wa mawe umepanda nyuma yake kama pazia, kila kitu kimekaa sawa isipokuwa fimbo ya kile kibendera, iliyomwota juu ya kofia kama antena. Nikamsogeza kushoto, ikamtoka sikioni. Nikachuchumaa, ikamtoka begani. Basi nikaenda nikaing'oa, nikailaza chini, nikarudi, nikapiga picha mbili ambazo, kwa bahati mbaya, ni nzuri mpaka leo.

Hapo akatokea Mama Ndinda, anayewauzia wachimbaji uji, ndoo mkononi. Akatazama mahali kibendera hukaa, akaona pako wazi, akakata njia katikati ya picha yangu. Nami, Mungu anisamehe, nikamwita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, pita upesi, unatuharibia picha."

Akapita upesi.

Firimbi ikalia. "Hiyo ni ya nini?" Mwende akauliza bila kusogeza kidevu (mteja mzuri sana). Ndipo nikakumbuka baruti. Nikamwambia akimbilie langoni, nikatupa kamera, nikaondoka mbio nikipiga kelele, "Mwaitu, rudi!", naye alipogeuka akaona mwanamume aliyetoa macho anamjia kasi, akafanya ambalo mama yeyote angefanya: akakimbia pia, kuelekea kule kule kwenye baruti.

Firimbi ya pili. Miguu yangu siikumbuki. Nakumbuka kisigino chake ndani ya kiatu cha plastiki, na kuwaza kwamba nikimkosa hapa hakuna kuhesabu mara ya pili. Nikamshika leso aliyojifunga, tukaanguka nyuma ya jiwe kubwa, ardhi ikatuinua. Mawe yakanyesha. Nikaogopa kumwangalia, mpaka sauti ikatoka chini ya kwapa langu: "We mtoto, ondoka, unanikalia."

Wachimbaji walipofika nilisimama nimelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Ni uji. Niliwaambia ni uji. Hakuna aliyeniamini. Msimamizi, aliyekuwa upande wa pili asikoiona njia, akauliza nani ametoa bendera, Mwende akaninyooshea kidole, na adhabu ikawa kusimama pale njiani nimeishika mpaka jua lizame, wachimbaji wakinipiga picha na simu zao: "Kidevu chini, bwana msanii! Uzito mguu wa nyuma!"

Hizo elfu tano mia tatu ni za lenzi iliyopasuka na pesa nilizomrudishia Mwende. Siku hizi kitu nisichokiweka mimi sikigusi, hata kikimtoka mteja puani.

Lakini Mama Ndinda sijamlipa. Kesho yake nilimfuata, nikamuuliza, "Mwaitu, niko na deni lako. Ni ngapi?" Akanimiminia kikombe cha uji, akanitazama.

"Sema wewe," akasema.

Ndoo ya uji najua bei yake. Hakuwa akiulizia ndoo. Maisha yangu yote nimepunguza bei za watu, na hii naogopa hata kuitaja. Nishaurini: niseme ngapi?