Maboga ya Mama na Pimbi wa Jabalini

Sisi tuliokulia Butiama enzi zile tunajua: mvua za masika zikianza na maboga yakatambaa, vita na pimbi vimefika. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jabali kubwa, na bustani ya mama ilianzia pale pale chini yake. Asubuhi jua likichomoza baada ya mvua, pimbi walitoka kwenye nyufa wakajipanga juu kuota jua, wanene, wametulia, wakitutazama kama wageni wanaosubiri chai. Kipanga akipita, mmoja anapiga kelele na wote wanapotea.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuwafukuza kabla ya kwenda shule. Tukizembea, mama alikuta majani yameng'atwa hadi kwenye kikonyo, na mchana akatupokea na sufuria tupu: "Leo mkale kwa hao pimbi." Hakuwa anatania. Siku hiyo ugali ulishuka kwa chumvi.

Mara moja nilipenyeza mkono kwenye majani kuchuma ua la boga, nikagusa kitu cha moto chenye manyoya. Pimbi akanionyesha meno. Nilikimbia hadi barabarani, kandambili moja nikaiacha bustanini, na mpaka leo kaka yangu Magesa akitaka kunitania huanzia hapo. Watoto wa siku hizi wangesimama wampige picha. Binti yangu, aliyezaliwa Bunda mjini, aliwahi kuniuliza kama pimbi ni panya aliyenenepa.

Masika haya nikampeleka akawaone mwenyewe. Tuliposhuka kwenye bodaboda nikanyoosha kidole kumwonyesha, na kidole kikabaki hewani. Jabali halikuwepo. Lilikuwa limepasuliwa kuwa kokoto, likabaki jiwe moja tu la kimo cha ng'ombe, pembeni mwa bustani.

"Dada, si mama alikuwaga anawalalamikia hao pimbi kila siku?" alisema Magesa, anayekaa na mama pale nyumbani. "Watu wanajenga, kokoto inatakiwa. Nikaona tumpumzishe."

Na bustani yenyewe sijawahi kuiona vile. Majani mapana, mazima, hakuna hata moja lenye alama ya jino. Ndiyo tuliyoiomba utoto mzima, lakini nilijikuta natafuta hata jani moja lililong'atwa.

Kilichonishtua zaidi ni mama. Alichuma majani machanga, yale yale aliyotugombeza kwa ajili yake miaka yote, akayapeleka kwenye lile jiwe lililobaki na kuyapanga juu yake. Nikamuuliza anamwekea nani.

"Tangu baba yenu afariki, nilikuwaga naamka asubuhi nawatukana hao," alisema. "Angalau nilikuwa na wa kuongea naye. Labda amebaki hata mmoja."

Enzi zetu tulikula mboga tuliyobakiziwa na pimbi, na nyumba ilijaa kelele. Leo mboga ingetosha kijiji, na anayeshinda nayo ni mama peke yake, maana Magesa hutoka alfajiri akarudi giza limeingia. Binti yangu alishika simu tayari, akingoja pimbi atokeze. Mimi nikasogea karibu na jiwe. Chini ya majani ya leo yalikuwepo ya jana, na ya juzi, yamenyauka yote, hayajaguswa.