Lori Lililoganda Kitulo

Siku yangu ya kwanza karakanani, Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinipa kitambaa na kijiti cha kupimia oili, akaniambia nikisome. "Mzee, hakina maandishi," nikamjibu. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. "Oili nyeusi imechoka. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na wewe leo huli mchana." Ndivyo nilivyoanza ufundi hapa Tukuyu, mimi mtoto wa muuza vitenge wa Bulyaga. Baba aliapa kwamba mtu wa grisi hapati mchumba. Nimeoa, na watoto ni saba.

Nilianza na magari ya chai, nikahamishiwa Kyela, nikarudishwa Tukuyu kuwa fundi mwandamizi wa malori ya viazi. Kyela, kwenye joto, nilizoea injini zinazochemka. Kumbe baridi nayo inaua injini! Kule juu Kitulo, malori yalikopakia viazi, Juni na Julai majani huamka meupe kwa barafu. Kulanti, yale maji ya rangi yasiyoganda upesi, tuliisikia tu. Rejeta tulijaza maji ya mtoni. Kwa hiyo dereva akilala Kitulo, sheria ilikuwa amwage maji yote jioni, ajaze mengine asubuhi.

Koki za kumwagia ni mbili. Moja iko chini ya rejeta, nyingine ubavuni mwa bloki, lile pande kubwa la chuma lenye silinda. Ukisahau ya bloki, maji yanabaki ndani, yanaganda, na maji yakiganda hutanuka. Wajukuu zangu, mmeshaona chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Bloki nayo hupasuka vilevile, na bei yake inamtoa mtu machozi.

Asubuhi moja simu ya upepo ikaita: lori la Ambakisye limeganda. Ambakisye alikuwa dereva wetu kutoka Ikuti, mpole, baba wa watoto watano wanaosoma kwa mshahara wake mmoja. Ofisa Usafirishaji akanipakia kwenye pikapu, na njia nzima ya Isyonje alikuwa anafoka. "Ameona uvivu kutoka kwenye blanketi! Leo hii namwandikia barua ya kumfukuza."

Tulimkuta amesimama kando ya lori.

"Mkuu, nilifungua zote mbili," akasema. "Ya bloki ilitoa matone, ikakauka. Nikajua maji yamekwisha."

"Hukufungua!" Ofisa akamkemea.

"Nilifungua."

Ambakisye hakubishana zaidi. Nikamwuliza kama amewasha injini. Akasema hapana, aliona vizibo vimetoka akaacha. Hapo alifanya la maana sana. Vizibo ni visahani vya bati ubavuni mwa bloki. Barafu ikisukuma, huchomoka kwanza. Wengine hudhani vikichomoka bloki imepona. Wapi! Lazima upime.

Nililegeza nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo kama yapo yatatangulia kutoka. Ikatoka oili tupu, nyeusi. Alhamdulillah. Nikafungua koki ya bloki. Jua lilikuwa limepanda na barafu imeyeyuka, lakini haikutoa kitu. Nikaichomoa nzima kwa spana. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha mpira mwekundu.

Mpira ule ulikuwa wangu. Wiki mbili kabla, koki ile ilikuwa ikivuja na stoo hapakuwa na mpya. Nikakata tyubu nyekundu ya baiskeli, nikaziba kwa ndani, nikasema kesho nitamwambia Ambakisye. Mafundi wa wakati wetu tulikuwa na ugonjwa huo, kuziba leo na kusema kesho. Na kesho yake sikumwambia.

Ofisa alikuwa ameegemea pikapu, anapuliza viganja vyake. Niwadanganye ili iweje, wajukuu zangu? Niliutia mpira mfukoni. Nikarudisha koki, nikagonga vizibo vipya, nikajaza maji, nikayabana kwa pampu ya mkono, kisha nikapaka unga wa chaki ubavuni mwa bloki, maana penye ufa chaki hulowa. Ikabaki kavu. Kilichopasuka ni ganda la pampu ya maji tu, na hilo linabadilishwa. Nilipaswa kufurahi, lakini mpira ulikuwa bado mfukoni mwangu.

"Bloki ni nzima," nikasema.

"Bahati yake," Ofisa akajibu. "Lakini uzembe ni uzembe. Barua iko pale pale."

Ambakisye akageuka, akaanza kukunja turubai lake taratibu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikautoa ule mpira, nikauweka juu ya boneti ya pikapu mbele ya Ofisa. "Mkuu, huyu alifungua. Aliyeziba ni mimi."

Barua niliandikiwa mimi. Nilishushwa cheo, nikapelekwa Kitulo msimu mzima wa baridi, kila jioni nimwage maji ya kila gari kwa mkono wangu. Mwe, baridi ile! Tangu hapo sikufunga boneti bila kumwambia dereva nilichogusa, hata kama ni skrubu moja. Cheo kilirudi polepole, na nilistaafu nikiwa Mkuu wa Karakana. Leo kulanti inauzwa hapa hapa mjini, na nyie mnaunganisha gari na kompyuta, inawaambia ugonjwa. Nawaonea fahari kweli. Ila kompyuta haimwulizi fundi kama kosa ni lake.

Mwezi uliopita Ambakisye alikuja kunitembelea na mkungu wa ndizi. Tukinywa chai, nikamwuliza kitu kilichonikaa miaka yote: kwa nini siku ile hakubishana na Ofisa?

Akacheka. "Nkamu, ndugu yangu, koki ile niliichomoa alfajiri. Nikaukuta mpira, nikaurudisha."

"Ulijua ni wangu?"

"Tukuyu nzima nani mwingine anaziba kwa tyubu nyekundu?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Dereva akimtaja fundi, nani atamwamini? Ofisa alitaka kuniletea fundi wa Mbeya. Nikamwomba kwenye simu, niletee yule yule wa Bulyaga. Nilitaka uukute wewe mwenyewe." Akanywa chai kidogo. "Ila nilikuona ukiutia mfukoni. Barua ilipotajwa tena nawe hujautoa, nikaanza kukunja turubai."

Machozi yalinitoka, mzee mzima na mvi zangu.

"Acha hizo," akasema, akinisogezea ndizi. "Si uliutoa?"