Siku Timu Iliporudi Bila Somoe

Juzi niliona kwenye simu vijana wanaoteleza kwenye barafu wakiwalilia wenzao waliokufa ajalini. Nikakumbuka alasiri ile kijijini kwetu Tingi, timu ya netiboli ya dada zetu iliporudi kutoka kijiji cha Pande bila mfungaji wao, Somoe. Gari lilikuwa limepinduka.

Mimi, mtoto mdogo, sikuambiwa. Nilisikia harufu ya ubani, kama ya harusini, nikawaona wasichana na jezi zao wamejaa uani kwa mama yake Somoe. Nikadhani wameshinda. Nikapiga vigelegele.

"Da Somoe kafunga mangapi?"

Mama yake akanikumbatia.

"Mengi, mwanangu."

Mwili wake ulitetemeka. Nikadhani anacheka, nikacheka naye. Sasa nina binti yangu, na kicheko kile bado kinanitia haya.