Nyumba Iliyokosa Moshi

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nionapo picha zako za safari kwenye simu, na hadi leo mwili hunisisimka.

Nilikuwa utingo wa malori ya chumvi ya Gongoni. Leo niko Eldoret, kesho mpakani Uganda. Wazee walinionya kwamba mtembezi hula miguu yake, nami nikawajibu kuwa yangu bado ipo. Ujana huo.

Hata hivyo nilijenga nyumba kijijini Barani, ya udongo na makuti, maana nilitaka kumwoa Dama, binti wa Ganze. Shangazi yangu mjane akaniomba akae mle na wanawe nikiwa safarini. Nikakataa. Haki ya Mungu, nililionea uchungu godoro langu jipya. Hawe, nyanya aliyenilea, akaniita kando.

"Mjukuu wangu, nyumba hulindwa na moshi wa jikoni. Ukiifunga, watakaokaa ni mchwa."

Nikacheka, nikanunua kufuli kubwa, nikapanda lori.

Safari ikazaa safari, mvua za masika zikaja na kupita. Niliporudi, babake Dama akasema hapokei posa kabla hajaiona nyumba. Akaja, shati limepigwa pasi, Dama nyuma yake. Kwa nje nyumba ilisimama vizuri tu, lakini nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Nikafungua kwa maringo, nikausukuma mlango.

Mlango ukaangukia ndani pamoja na miimo yake. Ukuta ukaufuata, na makuti yote yakashuka juu yake. Mzee alimvuta Dama mkono, la sivyo yangemfunika. Nguzo na fito zilikuwa zimeliwa zikabaki maganda. Nilipigwa na butwaa, vumbi tele mdomoni. Nimeona malori yakipinduka, mwanangu, lakini sijapata kushtuka vile.

Mzee alijipangusa taratibu, bila hasira, na utulivu wake ndio ulionitisha zaidi.

"Nyumba umeiacha peke yake mpaka ikafa," akasema. "Je, binti yangu?"

Wakarudi Ganze. Kabla ya mavuno Dama akaolewa na mkulima wa mahindi ambaye hata Mombasa alikuwa hajafika. Nililia, na nilistahili.

Sikwambii usisafiri. Tembea uone, dunia ni pana na wewe una macho. Lakini usiondoke mpaka umemwacha mtu nyumbani kwako anayepika na kulala humo, hata kama atalichakaza godoro. Atakayekuomba hifadhi, mpe, kwani huyo ndiye anayekutunzia nyumba. Ukitaja siku ya kurudi, rudi siku hiyo. Na mwenzio usimwache angoje mpaka azoee kutokuwepo kwako.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia, na kila urudipo ukute chungu kiko mekoni na mtu wa kukuuliza ulichelewa wapi.